Geti Lisilo na Ukuta

Nianze na geti, maana najua ndilo unalotaka kuuliza. Kila mgeni anayefika kwetu analiona kabla hajaiona nyumba. Anasimama, analitazama, anatazama kulia, anatazama kushoto, halafu ananitazama mimi kama vile nimemficha kitu. Ukuta uko wapi? Hakuna ukuta, na haujawahi kuwapo. Kuna geti lenye komeo na bawaba zinazotiwa mafuta, na pande zote mbili ni hewa tupu. Na bado nitakuomba upite getini kama watu wengine, kwa sababu aliyelisimamisha ni mume wangu, na mimi nikiwa hapa dirishani na cherehani yangu simruhusu mtu alizunguke.

Mume wangu wanamwita Mzee wa Geti. Jina hilo alipewa kabla mvi hazijamtoka, kwenye yadi ya mbao alikokuwa mlinzi. Yadi yenyewe ilizungushiwa ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake, na mlango ulikuwa mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Mlango huo ndio uliokuwa wake. Aliyeingia aliingia tu, hakuulizwa sana. Kazi ilikuwa kwenye kutoka. Mteja akishanunua mbao anakuja nazo mpaka getini, anasimama, mume wangu anazikagua, kisha anaupiga ubao wa juu kofi moja, pa, anasema, "Ruksa." Hapo ndipo unatoka. Bila kofi na ruksa hutoki, hata uwe nani. Siku moja mwenye yadi mwenyewe alitaka kuondoka na ubao kwapani huku anaongea na simu, naye akasimamishwa vilevile, akacheka, akapigiwa ubao wake kofi, akaenda zake. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi kuliko mashati niliyoshona, na kila akikisimulia namwacha amalize.

Wasaidizi wake walikuwa mbwa wawili waliozaliwa humohumo yadini, chini ya rundo la mbao, wakapewa majina ya humohumo. Jike ni Randa, rangi ya vumbi la msumeno, ana akili mpaka zinachosha. Dume ni Msumari, mweusi, kichwa kikubwa, akili za kuazima, lakini mtiifu kupita kiasi. Hawakuwahi kumng'ata mtu. Walijua jambo moja tu: anayeingia mwache, anayetoka na kitu mkononi msimamie mbele, ubweke, usisogee mpaka usikie kofi na ruksa.

Halafu yadi ikafungwa. Mwenye mali alizeeka, watoto wake wakauza, mnunuzi akataka eneo tupu. Unga ukamwagika. Mume wangu akarudi nyumbani na sufuria yake ya chakula na koti la mvua, na wale mbwa wakabaki kule peke yao, akawa anakwenda kuwalisha kila siku. Baada ya wiki akaja kuniambia kwamba bwana mifugo ameshaitwa akawadunge sindano ya kuwaua, kwa kuwa mnunuzi hataki kulisha mbwa wa mtu.

"Mama watoto," akasema, "siwezi kuwaacha."

"Nani kakwambia uwaache?" nikamjibu.

Mimi mbwa siwapendi, nasema waziwazi, wala usinishawishi. Lakini wiki ile nzima nilikuwa nimemtazama mwanamume huyu akikaa kwenye kiti cha wateja, ananipa mkasi kabla sijauomba, ananishikia kitambaa ambacho hakitaki kushikwa. Mtu aliyezoea kusimama alikuwa hajui akae wapi. Nikaona afadhali nyumba ijae mbwa kuliko kumwona hivyo.

Basi wakaja. Kiwanja chetu kiko kwenye kona, mbele barabara ya vumbi, ubavuni njia ya mkato ambayo watu wameikanyaga mpaka imekuwa kama yao. Mipaka yake ni mawe ya mpima ardhi kwenye pembe, majani yameyafunika, usipoonyeshwa huyaoni. Hakuna michongoma, hakuna hata kamba.

Sasa fikiria akili ya mbwa aliyezaliwa ndani ya ukuta. Kwake yeye yadi ni mahali popote mpaka pua ikutane na ukuta. Randa na Msumari walifunguliwa uani kwetu, wakanusa huku, wakanusa kule, wakitafuta ukuta. Hawakuuona. Wakaendelea kuutafuta, wakashika barabara, wakapita nyumba za watu, mpaka mwisho wa mtaa ambako kuna ukuta wa shule. Wakaugusa kwa pua, wakarudi mbio wameridhika. Mimi nikasema, angalau wamenyoosha miguu. Kumbe wenzetu walikuwa wanapima yadi yao mpya, na yadi hiyo ni mtaa mzima na sisi tuliomo.

Kuanzia hapo ikawa hakuna mtu kuondoka na kitu. Mwanamke katoka dukani na mfuko wa sukari, kazuiwa. Muuza ndizi kazuiwa na beseni lake kichwani. Wateja wangu waliingia vizuri tu, wakapimwa, wakajaribu nguo zao mbele ya kioo, lakini wakati wa kutoka na kifurushi Msumari huyo mlangoni, kifua mbele. Kuna mteja wangu mmoja tunamwita Mama Mapazia kwa sababu anabadilisha mapazia kama wengine wanavyobadilisha shuka. Huyo alikaa kwangu toka asubuhi mpaka mume wangu aliporudi kutoka kwa kinyozi, tukala naye chakula cha mchana. Akasema chakula ni kitamu, ila mapazia sasa atashonesha kwingine. Hata mapazia mekundu aliyokuwa ameagiza, yako nusu, akayasusa.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa seremala. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, na riziki yake yote inapita begani. Mbao asubuhi, mbao jioni. Kwa mbwa wetu, huyu alikuwa mwizi wa mchana kweupe, tena sugu. Walimsimamisha katikati ya barabara, juani, ubao begani, mpaka autupe chini. Akiutupa, wanatikisa mikia wanakaa pembeni. Akiuokota, wanarudi. Siku aliyokuwa akipeleka mlango wa chumba kwa mteja wake, alibaki ameuegemea pale barabarani kama mtu anayesubiri kufunguliwa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka, na mimi nilimwelewa.

Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ni mtu mpole, ana tabia ya kukohoa kabla ya kusema neno baya, na siku aliyofika kwetu alikohoa sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

"Mzee wangu, unajua ninavyokuheshimu," akaanza, akakohoa. "Lakini watu wamechoka. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuja mwenyewe, nitasimama hapa barabarani, na seremala atapita na mbao zake. Mbwa wakivuka mpaka wa kiwanja chako kumfuata, bwana mifugo atawachukua, na ile sindano waliyoikwepa kule itawakuta huku."

"Nimesikia, mwenyekiti," akasema mume wangu.

Seremala alikuwa nyuma ya mwenyekiti, mikono kiunoni. "Si uwafunge tu minyororo, mzee?"

"Nimewalea hawa, fundi. Mbwa akifungwa mchana kutwa anamchukia kila anayempitia mbele. Mnyororo ukija kukatika ndipo utakapomjua vizuri."

Mimi sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimebana pini midomoni, na hilo lilikuwa bahati ya seremala. Lakini walipoondoka nilimuuliza mume wangu tutafanyaje. Ukuta wa kuzunguka kiwanja kile haukuwa ndani ya uwezo wetu, na mwezi wenyewe usingetosha hata kuchimba msingi. Akajikuna kidevu. Akasema, "Niache nifikirie." Nilimwona akifikiria, akizunguka uani na wale mbwa wamemfuata unyounyo, na nikaogopa. Si kwa ajili ya mbwa. Niliogopa kwamba wakichukuliwa, atarudi kwenye kile kiti cha wateja na safari hii hatainuka.

Kesho yake akatoka mapema, akarudi na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kuna geti. Lile geti la yadi, lenyewe, na kutu zake.

"Nimeliomba," akasema. "Wanaweka jipya la umeme. Lile walikuwa wanalitupa."

Akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akakoroga saruji, akalining'iniza geti mbele ya nyumba, wima, zuri, likitazama barabara. Akalifungua. Akalifunga. Likalia kidogo, akalitia mafuta. Mimi niko dirishani, mbavu sina.

"Baba watoto," nikamwambia nilipopata pumzi, "hilo geti linamzuia nani?"

"Halimzuii mtu."

"Sasa?"

"Hawa mbwa ukuta hawaujui tena uko wapi," akasema. "Lakini geti wanalijua. Tuanzie na wanachokijua."

Mtaa mzima ulitucheka. Watu walikuja makusudi, wanabisha hodi getini, wanasubiri wafunguliwe, halafu wanapita pembeni wakiangua kicheko. Seremala akapiga kelele toka karakanani kwake, "Mzee, ukuta umeusahau dukani?" Mume wangu akatabasamu tu, hana hili wala lile. Lakini mimi damu ilinichemka. Niliacha cherehani, nikatoka mpaka barabarani na futi yangu shingoni.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Kumcheka mume wangu ni kazi yangu mimi. Nimeifanya toka niolewe na sijaomba msaidizi."

Wakatawanyika. Tangu hapo sikulicheka lile geti mbele ya watu tena, labda chumbani kidogo.

Kazi ikaanza. Aliniomba mabaki ya vitambaa, nikampa lile pazia jekundu alilolisusa Mama Mapazia. Tukalichana vipande virefu, akavifunga kwenye vijiti, akavichomeka toka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, kiwanja chote kikawa kinapeperusha bendera kama kuna mkutano wa hadhara. Kisha akamchukua Randa kwa kamba fupi, akaanza kutembea naye kwa ndani, kando ya bendera, polepole, asubuhi na jioni. Pua ya Randa ikikaribia kitambaa, mume wangu anasimama. Hasemi kitu. Anageuka kurudi ndani, na Randa akigeuka naye anapewa kipande cha ini la kuchemsha. Akimaliza na Randa, anamchukua Msumari. Kila mmoja peke yake, maana wakiwa pamoja wanapeana ujinga.

Mwanzoni hakuwaacha waranderande hata kidogo. Walikula mbele yake, wakalala mchana kivulini alipokaa, wakafahamu kwanza kwamba hapa ndipo kwao. Kisha akawa anakaa nao karibu na geti, kamba mkononi, wakitazama wapita njia. Kila akipita mtu, kipande cha ini kinashuka. Ikafika mahali Randa akimwona mtu kwa mbali hamtazami mtu, anautazama mfuko wa mume wangu. Kamba ikarefushwa, kisha ikaachwa iburute chini, kisha ikafunguliwa. Siku Msumari alipochomoka akaenda mpaka dukani, mimi nilikuwa tayari na fagio. Mume wangu akaninyang'anya.

"Amerudi," akasema. "Ukimpiga aliyerudi, kesho harudi."

Na kutoka kiwanjani kulikuwa kwa njia moja tu. Anawaketisha mbele ya geti, anafungua, wanasubiri, anawapiga ubavuni kofi jepesi, "Ruksa," wanatoka kwa kamba kutembea, wanarudi kwa geti hilohilo. Hata yeye mwenyewe akienda dukani alipita getini. Hata akiwa amechelewa, hata mvua ikinyesha, mtu mzima na koti lake la mvua, anafungua komeo, anapita, anafunga. Ukimwona utadhani kulia na kushoto kuna ukuta anaouona yeye peke yake.

Siku moja akaniambia, "Mama watoto, tatizo sasa si mbwa. Ni watu. Randa anawatazama wanaokatiza uani. Mbwa hasikii unachosema, anaangalia unapopita. Kama kila mtu anavuka bendera, bendera zina maana gani?"

Hilo likawa langu. Kufundisha mbwa siwezi, lakini kufundisha watu nilizaliwa nalo. Nilisogeza cherehani mpaka dirishani kabisa, nikawa na kiwanja chote machoni. Mtu akikatiza tu, "Wewe. Rudi. Pita getini." Wengine wakanuna, wengine wakadhani natania. Binti mmoja wa harusi akasimama katikati ya ua akanijibu kwa madaha, "Mama, geti la nini na hapa ni wazi?"

"La kupita," nikamwambia. "Unataka gauni au hutaki?"

Akarudi, akapita. Na wakati wa kutoka, kila mwenye kifurushi alisimama getini, mume wangu akakipiga kofi, "Ruksa," mbwa wakampisha. Mwanzo walifanya kwa kicheko, wananyoosha vifurushi vyao kama watoto. Baadaye wakawa wanafanya tu. Hata Mama Mapazia akarudi, kwa sababu huyo fundi wake mpya alimshonea pazia fupi, linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtu aliyerefuka ghafla. Akasimama getini akitazama zile bendera.

"Hiki si kitambaa cha pazia langu la sebuleni?"

"Ndicho," nikasema. "Ndio ukuta wetu sasa."

Akatazama kwa muda mrefu, nikajua ananihesabia dhambi. Kisha akafungua komeo akaingia, na jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Lakini seremala bado. Randa alikuwa ameshaelewa. Akiona ubao unapita barabarani anaguna tu, analaza kichwa. Msumari ndiye aliyetutoa jasho. Akiona ubao akili zile za kuazima zinarudi kwa mwenyewe. Alimvuta mume wangu kwa kamba mpaka akaanguka, kiwiko kikachubuka. Nikiwa namsafisha kidonda, akasema bila kunitazama, "Huyu hawezi. Anaijua mbao kuliko anavyonijua mimi. Watamchukua." Sauti yake ilikuwa ile ya kiti cha wateja.

Nikaifunga bandeji kwa nguvu mpaka akaguna. "Seremala hatutamwomba aje kutusaidia?"

"Hawezi kukubali."

"Basi nitabeba mimi."

Nina ubao mrefu wa kukatia vitambaa. Niliuweka begani, mimi, mke wa mtu, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, nikatoka kwa geti, nikaanza kupita barabarani mbele ya nyumba yangu. Naenda, narudi. Msumari anatetemeka, mume wangu anasubiri, mbwa akigeuza kichwa kidogo tu, kipande cha ini. Watu wakakusanyika. Seremala akatoka karakanani na penseli sikioni.

"Shemeji, unahamisha nini?"

"Nahamisha akili za mbwa," nikamjibu. "Kaa upande wako."

Siku zilizofuata nilipita na ubao, nikapita na ngazi ya jirani, nikapita na fremu ya dirisha. Bega liliniuma hata kukanyaga cherehani ikawa shida. Lakini Msumari aliacha kubweka, kisha akaacha kuvuta, kisha akawa anakuja mpaka kwenye bendera anasimama hapo, mwili mzima unamtikisika, hatoki. Na mwisho wa mwezi ulipokaribia mume wangu akaanza kung'oa zile bendera. Leo moja, kesho nyingine, mpaka zikaisha.

"Umerukwa na akili?" nikamuuliza. "Si uache mpaka mwenyekiti aje aondoke?"

"Vitambaa vinaoza. Ukuta inabidi ubaki kichwani mwao. Kama haumo, haumo."

Mwenyekiti akaja kama alivyoahidi, na mtaa ukaja naye. Alisimama barabarani akakohoa. Mbwa walikuwa uani, bila kamba. Mume wangu alisimama karibu na geti, mikono nyuma, kama alivyosimama ujana wake wote. Mimi nilikuwa dirishani na chaki mkononi, nikaivunja bila kujua.

Seremala akatoka na ubao. Hakuchagua mdogo. Alikuwa na ubao mrefu wa kenchi ya paa, unayumba mbele na nyuma, akapita nao karibu kabisa na mpaka wetu, makusudi. Randa aliinua sikio moja, akalishusha. Msumari akainuka. Akaanza kutembea, kisha akakimbia, moja kwa moja kuelekea barabarani. Alipofika pale zilipokuwa bendera, ambapo sasa hapakuwa na kitu chochote ila majani, akasimama. Akatetemeka. Akatoa mlio mwembamba wa kulalamika. Hakuvuka.

Seremala mwenyewe hakuamini, akageuka kutazama, na mtu mwenye ubao wa kenchi begani hatakiwi kugeuka. Ubao ukazunguka naye, ukamponyoka, ukaanguka kwa kishindo, nusu barabarani, nusu ndani ya kiwanja chetu.

Msumari akaruka. Akaenda kwenye ile nusu iliyokuwa ndani, akaikalia.

Seremala akainama akavuta. Ubao haukuja, mbwa yule ni mzito. Akavuta tena. Msumari akamtazama kwa upole, hakubweka, hakuonyesha jino, akajikalisha vizuri zaidi.

"Mzee," akasema seremala, "mwambie mbwa wako aniachie ubao wangu."

"Ubao umeingia kiwanjani, fundi," mume wangu akamjibu kwa ile sauti ambayo nilikuwa sijaisikia toka yadi ifungwe. "Karibu uuchukue. Geti hili hapa."

Seremala akatazama geti. Akatazama majani mbele ya miguu yake, hatua moja tu awe ndani. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama pembeni. Mimi nikasema moyoni, ukikatiza leo, nguo zako utajishonea mwenyewe. Basi yule mtu akafuta jasho, akazunguka, akaja mpaka mbele ya geti.

"Hodi."

"Karibu, fundi."

Akafungua komeo, akaingia, akafunga nyuma yake. Msumari alipomwona ameingia kwa njia, akainuka mwenyewe akampisha. Seremala akauvuta ubao wote ndani, akauweka begani, akarudi nao getini. Mbwa wote wawili wakamsimamia mbele, kifua kwa kifua, kimya. Akasimama. Mume wangu akaukagua ubao toka mwanzo hadi mwisho kama vile hajawahi kuona ubao. Akaupiga kofi, pa.

"Ruksa."

Mbwa wakafungua njia, mikia inacheza. Seremala akatoka. Alipofika barabarani akageuka, safari hii kwa uangalifu.

"Kule yadini mlikuwa mnafanya hivi?"

"Siku zote."

"Mimi nilikuwa nanunua mbao kwingine," akasema seremala. Kisha akaongeza, polepole, "Huko wananiibia sana."

Mwenyekiti akakohoa, nikajishika, lakini halikuwa neno baya. Akasema mbele ya watu wote kwamba mbwa wamebaki, hakuna sindano, na kwamba bwana mifugo akija kwetu atakuja kwa chanjo tu. Watu wakapiga makofi, wengine ni walewale waliokuwa wakibisha hodi kwa dhihaka. Nikawatazama mmoja mmoja ili wajue kuwa nawakumbuka.

Wakaondoka. Mume wangu akawachukua mbwa wake wakaenda nyuma ya nyumba kula ini lote lililobaki. Mwenyekiti alikuwa na suruali yake kwangu, nimeipunguza kiuno, akaingia akaijaribu, akaridhika. Nikamfungia, akaaga, akatoka. Nikarudi kwenye cherehani, kulikuwa na shati la mtu linasubiri mikono.

Nilipoinua macho nikamwona bado yuko pale. Amesimama mbele ya geti, kifurushi mikononi. Ua ni mtupu. Mbwa hawapo, watu hawapo, bendera hazipo, kulia kwake ni wazi na kushoto kwake ni wazi. Angeweza kupita popote.

"Mwenyekiti," nikamwita kwa dirishani, "pita tu, mbwa wako nyuma."

"Hapana, mama," akasema. "Namsubiri mzee."

Nikazunguka nyuma. Nilimkuta amechuchumaa kati ya mbwa wake, vidole vimejaa ini. Nikamwambia, "Kuna mtu getini." Hakuuliza ni nani. Aliinuka, akanawa mikono bombani, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaenda. Nilirudi dirishani kwangu haraka ili nisikose. Nikasikia kofi, nikasikia neno lile, nikasikia komeo likifunguka na kufungwa. Na nilikuwa najivuna hivi kwamba shati lile la mteja nililishona mkono wa kulia upande wa kushoto, na ilibidi nilifumue lote nianze upya.